Mgonjwa wa Kuteremka

Siku mliponiaga nikistaafu, wenzangu wa thieta, mlinipa dakika tano za kusema, na keki ilikuwa imeshakatwa. Mtu hashindani na keki. Nilisema asanteni, nikakaa. Sasa niko nyumbani hapa Kitale, keki hakuna, na yale niliyoyameza siku ile nayaandika, mnisome mkingojea vyombo vitoke kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Najua mashine ile. Mna wakati wa kutosha.

Nianze sokoni, kwa sababu uuguzi wangu ulianzia huko. Mama yangu aliuza mitumba Bungoma, nami nilikua nyuma ya rundo la mashati. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, bidhaa huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa shati halina miguu lakini hutembea. La pili, mteja anayeisifu nguo hanunui. "Huyo anataka kwenda zake kwa heshima," alikuwa akisema. "Lakini anayeigeuza, anaitafutia doa, anauliza kifungo cha tatu kiko wapi, huyo mfungie. Huyo ameshaivaa rohoni." Nilidhani ni maneno ya sokoni tu. Yalikuja kunifaa katika migongo ya watu.

Siku yangu ya kwanza thieta, yaani chumba cha upasuaji, katika hospitali moja ya Bungoma, nilivaa zile nguo za kijani zikanizidi pande zote, na barakoa nikaifunga kichwa chini miguu juu. Mkuu wa thieta alikuwa Sista Robai, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alinitazama akasema, "Wewe Barasa, umevaa barakoa ama umefunikwa kama chungu ya mboga?" Kisha akanipa kazi ya kuhesabu vitambaa vya kufyonzea damu kabla mgonjwa hajakatwa.

"Ngapi?"

"Ishirini, Sista."

"Hesabu tena."

"Sista, si nimehesabu?"

"Hiyo ya kwanza ni yako. Sasa hesabu ya mgonjwa."

Nikahesabu ya mgonjwa. Vilikuwa kumi na tisa. Kimoja nilikuwa nimekihesabu mara mbili kwa sababu kilijikunja vizuri na kunipendeza. Sista Robai hakunigombeza. Alinitazama tu, na niwaambie, afadhali angenigombeza. Tangu siku ile kila kitu nimekipa hesabu mbili: yangu kwanza, halafu ya mgonjwa. Mke wangu anasema hata sahani za jikoni. Ni kweli, na kuna moja inayokosekana.

Nilipohamishiwa Kitale, nilikutana na Daktari Mwadime. Alikuwa Mtaita, mrefu, mpole, anakuja kwetu kwa zamu kutoka Eldoret kufanya upasuaji wa migongo, na sanduku lake la vyombo alilibeba mwenyewe kama mtu anayebeba mayai. Humo mlikuwa na koleo refu lenye mdomo uliopinda, la kumega mfupa chembe kwa chembe. Tuliliita Kasuku. Mnaoanza sasa, Kasuku mheshimuni. Akiwa mkali anamega mfupa. Akiwa butu anauvuta, na nyuma ya mfupa ule kuna mishipa ya fahamu ambayo haina habari ya msamaha.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa na pingili iliyoteleza, na hapa Kitale hilo si gumu kulieleza. Mmeona ghala la mahindi, magunia yamepangwa juu kwa juu. Miaka ikienda, gunia moja la chini linachoka, linalegea, na la juu yake linateleza mbele kidogo. Ghala halianguki. Lakini kama nyuma ya magunia kulipita nyaya, zimebanwa. Uti wa mgongo ndivyo ulivyo. Pingili ya kiunoni imechakaa, imesogea, na mishipa inayoshuka miguuni imebanwa. Mtu anahisi moto matakoni, mapajani, mashavu ya miguu, na mguu unakuwa wa mbao. Wengi hupata nafuu kwa mazoezi, dawa na uvumilivu, bila kisu. Kwa wale wanaobaki, Daktari Mwadime alikuwa anapanua ile njia ya mishipa, na pale magunia yanapoyumba sana anayafunga kwa skrubu na vyuma. Kazi ni hiyo. Kukata kunajulikana. Kigumu ni kujua baadaye kama umesaidia.

Hapo ndipo kuku anapoingia.

Mzee Makokha wa Naitiri alikuja kwetu na kesi ambayo jamaa zake waliiita ya uongo. Kusimama kanisani kwa wimbo mmoja hawezi, lakini baiskeli anaisukuma ikiwa na gunia mpaka sokoni. "Baiskeli ni nzima," kijana wake alitwambia, "ni kanisa ndiyo inamgonjesha." Daktari akatueleza kwamba mzee hakuwa akisukuma baiskeli, alikuwa akiiegemea. Mtu akiinama mbele, njia ya mishipa hufunguka. Akisimama wima, hufunga. Tukampasua, akaenda nyumbani, na siku ya kliniki akarudi na jogoo mwekundu amefungwa miguu.

"Mzee, unaendeleaje?" Daktari akauliza.

"Mzuri tu, daktali. Nashukulu sana."

(Sisi wa Bungoma L na R tulizinunua kwa jumla, hatuchagui.)

Daktari akaandika kwamba mgonjwa amepona vizuri sana. Jogoo akapelekwa jikoni, nami sitakana kwamba paja moja lilinifikia. Lakini kabla ya hapo nilimsindikiza mzee langoni, nikamwona anavyoifikia baiskeli yake iliyoegemezwa kwenye ua. Aliishika kama mtoto anavyomshika mama. Nikakumbuka hesabu ya pili.

"Mzee, miguu je?"

Akatazama huku na huku. "Kijana wangu, miguu bado inaungua. Lakini mtu amekufungua mgongo, amesimama juu yako nusu ya siku, utamwambia ni mbaya mbele ya watu? Na kuku nimeshamfunga?"

Niliporudi kumwambia Daktari, alicheka, halafu akaacha kucheka. Alikuwa amekuja na ugeni wake wa Taita, akidhani kuku ni cheti cha kupona. Kwetu kuku ni adabu. Mtu hukuletea ukimponya, na hukuletea usipomponya ili usijisikie vibaya. Mzee Makokha alirudishwa, akapigwa picha tena, akapewa mazoezi na muda. Mwishowe aliweza kusimama nyimbo mbili kati ya tatu. Ya tatu, alisema, hata wazima wanakaa.

Tangu hapo Daktari Mwadime akaniambia, "Barasa, mimi nitauliza ndani. Wewe kliniki yako ni langoni." Ndicho cheo pekee nitakachokitaja katika maandishi haya.

Msifikiri mimi nilikuwa mjanja kila mara. Mama Ndiwa alipokuja, pua yangu ya soko ilinusa vibaya kabisa.

Alikuwa Msabaot wa Kapsokwony, mjane, mwembamba, ana kilemba cha buluu na shamba la vitunguu kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili. Alikuja na mwanawe Ndiwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ndiwa ndiye aliyeanza.

"Daktari, huyu mama anatuchezea. Kupanda mlima anatuacha sisi wote. Kuteremka sasa, ati hawezi. Kila jiwe anakaa. Nani alisikia ugonjwa kama hiyo?"

Mimi nilikuwa nimesimama na faili, na moyoni nilikuwa nimeshaifunga kesi. Kila mtu anajua kupanda ndiko kugumu. Kijijini kwao walisema mama anapenda kupanda kwa majirani wa juu kunywa chai, na mkutano wa kanisa ukiwa bondeni ndipo miguu inakumbuka kuuma. Nilikubaliana na kijiji.

Daktari Mwadime akaweka kalamu chini. "Mama, rudia hiyo."

"Nirudie nini? Nikipanda, nainama kwa kilima, miguu inanyamaza. Nikiteremka nasimama wima, moto inatoka kiunoni inaenda mpaka kidole. Naketi, inazima. Nasimama, inawaka. Mimi si mgonjwa wa kupanda, daktari. Mimi ni mgonjwa wa kuteremka."

Daktari akanitazama mimi. "Baiskeli," akasema. Neno moja tu. Nikaona aibu mpaka kwenye viatu. Mlima ulikuwa baiskeli yake. Akipanda anauegemea, akishuka unamnyang'anya mahali pa kuinamia. Ugonjwa wa Mzee Makokha ulikuwa umevaa kilemba, nami nisiutambue.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hili. Ndiwa alikuwa ameshaandaa chumba nyuma ya duka lake. Alikuwa mwana mzuri, msimhukumu. Kila akisikia mama ameketi juu ya jiwe mvua ikinyesha, hakuweza kula. "Mama, huku ni tambarare," akamwambia mbele yetu. "Hakuna kupanda, hakuna kuteremka."

"Hata kaburi ni tambarare," akasema mama yake.

Walikubaliana hivi, na sisi tukiwa mashahidi tusiolipwa: atatibiwa, akishindwa kuteremka tena, atahamia chumba cha Kitale na shamba litakodishwa. Alijaribu kwanza mazoezi na vidonge, kisha sindano ya kiunoni. Nafuu ilikuja, ikakaa kama mgeni wa chai, ikaondoka. Picha zilionyesha gunia limeteleza na linayumba. Ikabaki kisu.

Nimeona watu wakipatana bei ya ng'ombe sokoni Chwele, lakini sijaona mapatano kama ya siku ile.

"Mama," Daktari akasema, "miguu, nina matumaini nayo makubwa. Mgongo wenyewe kuuma, hiyo siahidi."

"Si unakata mgongo?"

"Nakata mgongo kwa sababu ya miguu."

Mama Ndiwa akanigeukia. "Huyu anaenda kununua ng'ombe, anarudi na kamba."

Daktari akaendelea kumtajia na mabaya: kidonda kuingia usaha, mshipa kuumia, damu kuganda, skrubu kulegea, na kwamba wapo wanaotoka kama walivyoingia. Hakupunguza hata moja, na hilo lishikeni, wenzangu.

"Nyongeza ni mingi kuliko bidhaa," mama akasema.

Ndiwa alikuwa ameshika skrubu ya mfano iliyokuwa mezani, anaigeuzageuza. "Daktari, hii si hata mimi niko nayo dukani?"

"Ya kwako ni ya mabati," Daktari akajibu. "Mama yako si paa."

Hapo nikaingia, maana naona biashara inakwama. "Mama, tuseme unachagua kitu kimoja tu. Kimoja. Ungetaka nini?"

Hakufikiri. "Kuteremka. Kupona ni ya vijana. Nataka nitoke kwangu nifike barabara bila kukaa kwa mawe ya watu. Halafu nirudi. Kurudi najua mwenyewe."

"Na mgongo ukiuma?"

"Acha uniume. Mimi nitauchukua, tushuke nao."

Daktari akayaandika maneno yale kama yalivyosemwa. Kisha nikamuuliza tena, kwa utaratibu wangu, "Kwa hiyo mama, unataka nini?"

"Huyu haskii? Ama anataka nipunguze?"

"Nauliza mara mbili, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Kuteremka!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka foleni ya dawa.

Upasuaji ulikwenda vizuri mpaka kwenye hesabu ya kufunga. Kitambaa kimoja kilikosekana. Nikasema, "Daktari, simama." Mwanafunzi anaweza kufikiri ni jambo dogo, kitambaa kimoja, mgonjwa amelala, kila mtu amechoka. Lakini hakuna mtu aliyeshona. Tukahesabu ya pili. Bado. Tukatafuta kidondani, kwenye ndoo, chini ya meza, na mimi nasikia sauti ya Sista Robai ikiniita kutoka ng'ambo ya mto. Kilipatikana kimeganda chini ya buti la Daktari Mwadime, kimetulia kama kinalipa kodi. "Nilikuwa nakilinda," akasema. Tukafunga.

Siku ya pili mama alisimamishwa, akatembea mpaka mlangoni akiwalaani wote waliomshika. Akaenda kwa Ndiwa kwa siku za kwanza, katika kile chumba, na huko, nilivyosikia, alilalamikia ukuta.

Baada ya miezi kadhaa alirudi kliniki kutoka kwake mlimani. Nilimtazama mikono: hakuna kuku. Akaketi, akaanza. Kovu linawasha. Asubuhi mgongo ni mgumu kama mlango ulionyeshewa mvua. Kuinama kupalilia si kama zamani, lazima apige goti. Siku za baridi anahisi chuma kiko baridi ndani. Ule mkanda wa kiunoni aliovalishwa baada ya upasuaji ulikuwa mbaya. Na chakula cha wodini, alisema, alikuwa amenuia kukitaja siku nyingi.

Uso wa Daktari Mwadime ukashuka kidogo kidogo. Ndiwa alikuwa amesimama karibu na dirisha, mkono mfukoni, na nilisikia funguo zikilia. Mmoja ulikuwa ufunguo wa chumba. Daktari akashika kalamu. Nilijua anakwenda kuandika kwamba nafuu haikupatikana, kwa sababu ndivyo masikio yanavyosikia.

Mimi nikamsikia mama yangu. Anaitafutia doa. Anauliza kifungo cha tatu.

"Mama Ndiwa," nikasema, "leo umekuja na nini?"

"Na pikipiki."

"Kutoka nyumbani?"

"Kutoka barabarani! Ile njia ya kwangu, pikipiki ishuke na mimi, nife?"

"Na kutoka nyumbani mpaka barabarani?"

"Kwa miguu, bana. Kwani nitaruka?"

"Uliketi wapi?"

"Kuketi nifanye nini? Nilikuwa nimechelewa."

Kisha akawa kama mtu aliyegundua kofia anayoitafuta iko kichwani. Akatazama miguu yake, mmoja, halafu mwingine, kama watoto waliorudi nyumbani bila kupiga hodi.

"Uliketi wapi, mama?" nikauliza mara ya pili.

"Sikukaa," akasema polepole. Halafu akakumbuka alikuwa akilalamika. "Lakini mgongo unauma!"

"Niliuahidi?" Daktari akauliza.

"Hukuahidi," akakubali, kama mtu aliyeshindwa kesi na akafurahi.

Ndiwa alitoa ufunguo, akautazama, akaurudisha mfukoni. Chumba kile sasa kina mifuko ya saruji. Alinunulia mama yake fimbo nzuri ya kushukia, ambayo mama anaitumia kufukuzia mbwa.

Nimewaandikia kisa hiki kwa sababu mtaulizwa, kama nilivyoulizwa mimi, upasuaji huu unasaidia ama hausaidii. Wengi niliowaona langoni miguu yao ilinyamaza kuliko mgongo. Wachache hawakupata kitu, na wachache walirudi kupasuliwa tena. Msiwafiche hao nyuma ya kuku. Jibu la "mzuri tu" lipokeeni kwa shukrani, kama mnavyompokea jogoo, kisha mwulize mtu anafika wapi kabla ya kutafuta kiti. Na kabla hamjamkata, mjue alitaka kwenda wapi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kapsokwony. Mama Ndiwa alikuwa amenialika tangu zamani, na mtu aliyestaafu hana tena kisingizio. Njia ya kwake niliipanda vizuri sana, hata nikajisifu. Nilikula viazi na mboga mpaka mshipi ukaomba radhi. Jioni akanisindikiza barabarani, yeye mbele na fimbo yake begani, mimi nyuma.

Tulipofika nusu ya mteremko aligeuka. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya jiwe.

"Daktari, umekaa?" Niliacha kumsahihisha kwamba mimi ni nesi, miaka mingi iliyopita.

"Natazama mandhari, mama."

"Mandhari iko upande ingine. Huko unatazama choo ya jirani yangu Kipsang."

Nikageukia upande mwingine. Ilikuwa nzuri kweli, mashamba yote mpaka Bungoma. Akarudi akipanda, akasimama mbele yangu, akaegemea fimbo.

"Uko namna gani?"

"Mzuri tu," nikasema. "Nashukuru."

Akacheka mpaka mbwa wa Kipsang akajibu. "Hiyo pelekea Daktari Mwadime, na umfungie kuku." Kisha akainama kidogo, kadiri skrubu zake zilivyomruhusu, akanitazama machoni. "Mimi nauliza: ni kupanda ama kuteremka?"

Nikatafuta bei ya chini. "Labda ni viatu."

"Hiyo ya kwanza ni yako," akasema. Sijui nilimfundisha lini maneno ya Sista Robai. Labda wodini, nikihesabu. "Sasa nauliza tena."

Nilinyoosha mguu. Moto ulikuwa pale, kutoka kiunoni mpaka kidole.

"Kuteremka, mama," nikasema.

"Eeh," akasema, akanipa fimbo.